Maji kwanza, barakoa baadaye

Mhariri,

Kila afya ya wachimbaji wa tanzanite wa Mirerani inapojadiliwa, jibu la haraka huwa barakoa. Tunapinga kuanzia hapo. Vumbi la silika, madini yaliyomo kwenye mwamba, linaloharibu mapafu ni chembe zilizo chini ya maikroni 10 (sehemu moja ya mia ya milimita), ambazo kitambaa hakizizuii. Hata barakoa ya kuchuja vumbi ya N95 huvujisha pembeni kwa mwenye ndevu, na kwenye joto la shimoni ikilowa jasho haivaliki tena.

Vumbi lizuiwe linapozaliwa, kwenye ncha ya drili. Itumike mashine yenye njia ya maji inayopita katikati ya chuma cha kutobolea. Ikila lita 5 kwa dakika, pipa la lita 200 linatosha dakika 40 za kutoboa. Pipa likae mita 20 hadi 30 juu ya mchimbaji na mpira ushuke hadi kwake. Kimo hicho kinatoa msukumo wa bar 2 hadi 3. Kwenye shimo refu lisiachwe mdomoni, lishushwe kwenye kituo cha kati. Msukumo wa maji ukizidi ule wa upepo wa kompresa unaoendesha mashine, maji huingia ndani ya mashine na kuosha oili. Mashine ikianza kukwama, wachimbaji watafunga maji na kutoboa kukavu, na hatuwezi kuwalaumu. Baada ya kulipua, kifusi kilowanishwe kabla ya koleo kukigusa.

Simanjiro, wilaya yenye Mirerani, ni kukavu, maji yana bei. Bei hiyo ni ya mmiliki wa mgodi, si ya mwanaapolo, mchimbaji wa shimoni anayesubiri mgao wa mauzo ya madini.

Kuhusu upimaji wa afya, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 ipo, ila mwanaapolo huhama shimo na kumbukumbu zake hubaki nyuma, kama ziliwahi kuwepo. Silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la silika, haina tiba, na humweka mtu karibu zaidi na kifua kikuu (TB). Daktari asiye na picha ya kifua ya awali anaweza kurudia dozi ya TB kwa kikohozi kinachotokana na makovu ya silikosisi kwenye mapafu.

Tunaiomba OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, ianzishe kadi ambayo mchimbaji atakaa nayo mwenyewe: miaka aliyofanya kazi, kazi aliyofanya, tarehe na majibu ya kila picha. Akifika Kibong'oto, hospitali ya kifua kikuu, au akidai fidia, awe nayo mkononi. Na mkaguzi akishuka shimoni, aanze kwa kufungua bomba la maji la drili.

Wataalamu wa usalama na afya kazini,
Arusha