Kwa Neema, kabla ya sindano ya kwanza

Neema mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata. Umeniuliza sindano za kupandikiza mimba, yaani mayai kutolewa, kurutubishwa maabara na kurudishwa tumboni, zinauma kiasi gani, halafu mwishoni ukagusia kwamba wewe na shemeji mmeanza kununiana hata kabla ya tarehe kupangwa. Naanza na hilo la mwisho. Sindano utazizoea kwa siku tatu.

Shemeji ameshapima? Nasema kipimo cha mbegu chenyewe, si kuulizwa maswali. Kwetu mke hupigwa picha ya mirija ya uzazi na kumeza vidonge miaka na miaka, mume akijiona mzima kwa sababu hana shida chumbani. Nguvu ni kitu kimoja, mbegu ni kingine. Kinachotakiwa ni sampuli moja, baada ya kujizuia siku 2 hadi 7. Majibu yakiwa mabaya, kipimo kinarudiwa. Mwili wa mwanaume huchukua siku 70 na kitu kutengeneza mbegu mpya, kwa hiyo akiacha sigara leo, usitegemee tofauti kabla ya miezi mitatu. Kama anachoma zile homoni za kujaza misuli, huenda akahitaji muda mrefu zaidi. Mliweke wazi hili mapema, lisije likaibuka katikati ya matibabu kama kesi.

Sindano za kukuza mayai huanza karibu siku ya 2 au ya 3 ya hedhi, unajichoma chini ya ngozi ya tumbo kila siku saa ileile, kwa siku 8 hadi 14. Katikati kuna ultrasaundi kila baada ya siku mbili tatu. Kazi yote iko mwilini mwako, yeye anabaki mtazamaji, na mwanaume asiye na la kufanya utamkuta kijiweni hadi usiku. Mkabidhi dawa zote. Ajue zipi zinakaa kwenye friji, zisigande wala zisigusane na barafu, na umeme ukikatika apajue pa kuzipeleka. Atafute kopo gumu la kutupia sindano zilizotumika. Kazi kubwa kuliko zote ni saa ya sindano ya mwisho, ile ya kuivisha mayai. Mayai hutolewa kama saa 36 baadaye: ukichomwa saa 4 usiku Jumatatu, unaingia chumba cha upasuaji saa 4 asubuhi Jumatano. Ukichelewa kuchomwa, mayai yanaweza kutoka mabichi. Ukiwahi sana, yanaweza kuwa yameshaachiliwa. Wekeni kengele kwenye simu zote mbili. Mkikosea, pigieni kliniki saa hiyohiyo. Msichome ya pili kwa kukisia.

Sasa la chumbani. Ovari, yaani vifuko vya mayai, zikishavimba, kliniki itawaambia mpumzike, kwa sababu ya maumivu na hatari ya ovari kujipinda. Mwambie ni amri ya daktari, na mwambie kabla, ajue hujamchoka. Yeye naye ana mtihani wake: asubuhi ya kutoa mayai anapewa kikopo na kuambiwa alete sampuli, muuguzi yuko nje ya mlango. Wapo wanaoshindwa siku hiyo, hata wasiokuwa na tatizo lolote, na aibu yake huwafuata hadi nyumbani. Ulizeni mapema kama anaweza kugandisha sampuli ya akiba. Kama kujichua kunamkwaza kidini, zipo kondomu maalumu za kukusanyia mbegu, zisizo na dawa ya kuziua. Zile za dukani hazifai, na mate na mafuta ya kulainisha hayafai pia.

Baada ya hapo zinaanza simu za maabara, na hesabu inashuka kila siku. Mfano tu: mayai 10 yametolewa, 8 yamekomaa, 5 yamerutubishwa, siku ya tano vimebaki viinitete 2, yaani mayai yaliyorutubishwa yakaendelea kukua. Hivyo ndivyo kazi inavyokwenda, si kwamba kuna kilichoharibika. Lakini mume aliyesikia kumi akampigia mama yake, siku ya tano itamlazimu ampigie tena. Kubalianeni nani anaambiwa, na lini. Kwa maoni yangu, mama mkwe asijue hata tarehe. Akiijua, atauliza.

Siku za kusubiri baada ya kupandikizwa ndizo zinazovunja watu. Utakuwa unatumia dawa ya projesteroni, homoni ya kuuandaa mji wa mimba, nayo huleta matiti kuuma, tumbo kujaa na usingizi, kwa hiyo dalili hazikwambii kitu. Usipime mkojo kisirisiri: sindano ya kuivisha mayai mara nyingi ina homoni ileile ambayo kipimo hutafuta, na inaweza kukaa mwilini hadi wiki mbili. Subirini kipimo cha damu, kwa kawaida siku 9 hadi 14 baada ya kupandikizwa. Matone ya damu yakitoka, usiache dawa kwa uamuzi wako. Na simu ya majibu ipokeeni pamoja, hata kama ni ndani ya gari.

Kuna jambo ambalo shemeji lazima alijue kwa moyo, maana huonekana kama kudeka: tumbo likivimba ghafla, uzito ukapanda kilo moja au zaidi kwa siku, mkojo ukapungua au pumzi ikawa shida, ni hospitali usiku huohuo.

Fedha nimeiacha nyuma kwa kuwa inachosha. Ulizeni kama bei ya kliniki inajumuisha dawa, kugandisha viinitete, ada ya kuvitunza kila mwaka, na upandikizaji wa pili. Kisha andikeni mtafanya mizunguko mingapi, na kitu gani hakiuzwi: kiwanja, gari, akiba ya SACCOS. Andikeni sasa. Siku ya jibu baya, mmoja atataka kurudi kesho na mwingine hataki hata kuisikia hospitali, na hakuna atakayekuwa na akili ya kupiga hesabu.

Ratiba ikitoka nitumie picha yake. Nisalimie shemeji, umwambie kengele ya sindano ya mwisho ni yake.

Wako,
Rehema