YAH: KUONDOLEWA PUNGUZO LA KUTODAI ILHALI SIJADAI HATA SHILINGI

Tegeta,
Dar es Salaam.
13 Mei 2024

Meneja,
Idara ya Bima za Magari,
Makao Makuu,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nina bima kubwa kwenu, ile inayolipa hata uharibifu wa gari langu mwenyewe, tangu Mei 2019, kwa gari moja dogo la matumizi binafsi, Toyota IST. Mwaka wa kwanza ulipokwisha bila mimi kudai mlinipunguzia ada kwa asilimia 10, uliofuata 20, kisha 30 ambayo ndiyo kikomo chenu, na hapo nimekaa hadi sasa.

Ijumaa iliyopita wakala wenu alinitumia kwa WhatsApp makadirio ya kuhuisha bima inayokwisha tarehe 21 mwezi huu. Mwaka jana nililipa shilingi 908,600 pamoja na VAT. Safari hii naambiwa 1,298,000. Nilidhani mmepandisha thamani ya gari kwa bahati mbaya, maana IST ya umri ule haipandi bei. Kumbe thamani haijaguswa. Mstari wa punguzo umeandikwa sifuri, na pembeni yake maneno mafupi: "Dai 1, Nov. 2023".

Hilo dai silijui. Ninachokijua ni hiki.

Jioni ya tarehe 14 Novemba 2023, zile mvua za El Nino zikiwa zimepamba moto, nilikuwa nimesimama kwenye foleni Tegeta Kibaoni. Bajaji iliyotokea kushoto iliteleza kwenye tope ikanigonga mlango wa nyuma na kupasua taa. Dereva ni kijana mdogo, alishuka analia kabla sijafungua mlango. Askari wa usalama barabarani aliyekuwa akiongoza magari alituambia tukielewana tusogee, tunaziba njia. Nikiwa palepale niliangalia stika ya bajaji kwa simu kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, nikaona bima yake ndogo, ile inayowalipa aliowagonga, iko hai. Ningeweza kuifuata kampuni yake. Lakini kwa mlango uliobonyea na taa moja, nikapima usumbufu nikaona bora nitengeneze mwenyewe. Fundi wa Sinza alinyoosha na kupiga rangi kwa 180,000. Taa ya mtumba nilinunua kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani kwa 65,000. Jumla 245,000. (Yule kijana, wala sikutegemea, wiki mbili baadaye alinitumia 50,000 kwenye simu.)

Sasa kwa nini niliwapigia ninyi? Kwa sababu mkataba wenu unanitaka. Kuna sharti linalosema mteja atoe taarifa ya ajali yoyote mara moja, hata kama hana nia ya kudai. Asubuhi ya tarehe 15 nikapiga simu kituo chenu cha huduma kwa wateja, nikaeleza yote, nikasema wazi kwamba sidai kitu. Dada aliyepokea alinijibu kwa upole: "Sawa baba, hii tunaiandika kama taarifa tu." Akanipa namba ya kumbukumbu, nimeiambatanisha. Hakuja mkaguzi, sikujaza fomu ya madai, sikupeleka ankara ya gereji wala picha. Hamjanilipa chochote.

Na hata ningetaka kudai, ningedai nini? Ekses kwenye mkataba wangu, yaani sehemu ya kwanza ya hasara ninayobeba mwenyewe, ni shilingi 250,000. Gharama yote ilikuwa 245,000. Yaani ningewaletea fomu, ankara na ripoti ya polisi, mngepiga hesabu mkaniambia hutudai kitu, tena bado 5,000 haijafika. Mtu mwenye akili timamu hafungui dai la namna hiyo. Mimi nilibeba gharama ile mfukoni makusudi ili nilinde punguzo nililolikusanya tangu 2019, kisha mkaniandikia dai kwa kutii sharti lenu wenyewe.

Hesabu ya hasara nimeifanya, nayo haiishii kwenye 389,400 za mwaka huu. Mkinirudisha sifuri, nitaanza kupanda ngazi upya: mwakani asilimia 10, mwaka utakaofuata 20, ndipo nifike 30. Kwa ada hii hii, bila kupanda, nitakuwa nimepoteza shilingi 778,800 kwa miaka hiyo mitatu kabla sijarudi nilipokuwa. Kwa ajali ambayo ninyi imewagharimu dakika nne za simu.

Nilipompigia wakala alisema, "Mzee, mfumo ndivyo unavyosoma." Nikapelekwa tawini Mwenge, nako nikaambiwa mfumo. Mfumo haujiandikii. Kuna mtu alifungua faili mwezi Novemba na kuchagua neno "dai" badala ya "taarifa", na mtu huyo huyo au mwenzake anaweza kulibadilisha.

Lililonikera zaidi ni ujumbe wa wakala huyo Jumamosi, kwamba niongeze shilingi 60,000 nipate "kinga ya punguzo", ili siku nyingine nisipoteze. Punguzo lipi? Mmeshalichukua, mnaniuzia kufuli la nyumba tupu. Na kabla hamjamuuzia mwingine, mwelezeni vizuri kwamba kinga hiyo inashikilia asilimia tu. Ada yenyewe mnaweza kuipandisha baada ya ajali, na ada iliyopandishwa, hata ikipunguzwa asilimia 30, bado ni ada kubwa. Pia nataka kujua: je, kinga hiyo ingenisaidia mimi, mtu ambaye hakudai? Nijibuni kwa maandishi.

Ninachoomba ni kwamba kumbukumbu ya Novemba 2023 isahihishwe isomeke taarifa bila dai, na makadirio mapya yenye asilimia 30 yanifikie kabla ya tarehe 20. Vilevile nipewe barua inayothibitisha miaka yangu mitano bila madai, maana nikiamua kuhama, kampuni nitakayokwenda itaiulizia. Rekodi ile mimi ndiye niliyeijenga, kwa kuendesha taratibu na kulipa mafundi.

Simu hiyo ya tarehe 15 Novemba mlinitangazia mwanzoni kwamba inarekodiwa. Isikilizeni kabla ya kunijibu.

Bila bima gari haliwezi kutoka nyumbani, nanyi mnalijua hilo. Kwa hiyo tarehe 21 ikifika kabla hamjajibu, nitalipa 1,298,000 huku nikiendelea kupinga, na malipo hayo yasichukuliwe kuwa nimeridhika. Barua hii pamoja na viambatisho vyake nitaipeleka kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, nakala Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Nimeanza kwenu kwa sababu ndio utaratibu, na kwa sababu jambo lenyewe ni la kubadilisha neno moja.

Viambatisho: makadirio ya mwaka huu, stakabadhi ya mwaka jana, ukurasa wa masharti ya mkataba, risiti za fundi na taa, na namba ya kumbukumbu ya simu.

Wenu,

(Sahihi)
Mwenye bima