Lenzi ya kupigia watoto picha ndani: pima chumba kabla ya kuhesabu pesa

Mzazi akiingia dukani kwetu hapa Mtwara mjini na kamera begani, lalamiko tunalijua kabla hajakaa. Picha za mtoto alizopiga nje, mchana, ufukweni Shangani, ni safi kabisa. Za ndani ya nyumba, kwa kamera ile ile na mtoto yule yule, ama zimetikisika ama zimejaa chenga kama runinga yenye antena mbovu. Halafu anauliza: kamera ndiyo imekufa? Haijafa. Shida iko kwenye lenzi iliyokuja nayo kwenye boksi, na kwa vile msimu wa korosho ndio wakati watu wengi wanakuja kununua nyingine, tumeona tuyaandike haya yote sehemu moja.

Lenzi ya kwenye boksi mara nyingi ni ya milimita 18 hadi 55 (milimita zikiwa nyingi, inavuta karibu na inaona eneo dogo), na imeandikwa 3.5-5.6. Namba hizo za mwisho ni za tundu linalopitisha mwanga, nazo husomwa kinyume: namba ndogo, tundu kubwa. Ukiizungusha mpaka 55 ili umvute mtoto karibu, tundu lake halifunguki kuzidi f/5.6. Lenzi ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Chukua sebule ya kawaida saa moja usiku, taa moja ya LED darini. Mtoto anayecheza anahitaji spidi ya shata (muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga) isiyopungua 1/125 ya sekunde, na akianza kukimbia utahitaji 1/250. Kwa f/1.8 na spidi ya 1/125, kamera itakudai ISO (kiasi ambacho kamera inakuza mwanga iliopata) ya 1250 hivi, ambayo kamera nyingi za siku hizi zinaimudu bila taabu. Kwa f/5.6 na spidi hiyo hiyo itakudai karibu 12800, na hapo ndipo chenga zinapotokea. Ukiinyima ISO hiyo, inashusha spidi mpaka 1/13. Mtoto akigeuza shingo tu, picha imekwenda.

“Lakini hii yangu ina VR,” wateja wengi hutuambia, na wa Canon husema IS. Hicho ni kifaa cha kutuliza mkono wako wewe unayepiga. Mtoto hakimtulizi. Kabati la vyombo litatoka limenyooka, glasi zote unazihesabu, na mtoto aliyesimama mbele yake atakuwa ukungu. Ukiona picha ya namna hiyo, ukuta safi na mtu kaharibika, ujue ni spidi ya shata imekuangusha wala si mkono.

Mtu akishaelewa habari ya f/1.8, anachotaka ni milimita 50. Tunaelewa kwa nini. Bei yake haiumizi kama za wenzake, ni nyepesi, inafifisha vitu vya nyuma vizuri, na wapiga picha wote wanaisifia. Dukani ipo na tunaiuza. Ila kabla hatujaitoa kabatini tunauliza swali moja: chumba unachopigia ni futi ngapi kwa ngapi?

Wengi wanacheka. Lakini hesabu yote iko hapo. Vyumba vya kupanga huku kwetu, ukienda Magomeni au Chikongola, vingi ni futi kumi kwa kumi, au kumi kwa kumi na mbili. Futi kumi ni mita 3 na kidogo. Weka kitanda au makochi. Mtoe mtoto ukutani nusu mita ili kivuli chake kisimgande mgongoni. Toa na nafasi ya mwili wako na kamera yenyewe. Umebakiwa na mita 2 za kufanyia kazi, na pengine hazifiki.

Kamera nyingi tunazoletewa ni zile za kihisi kidogo (kihisi ni kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga), APS-C, kama Canon 2000D au Nikon D3500. Kwenye kamera hizo, mtoto wa urefu wa mita 1 akisimama, ukageuza kamera wima, lenzi ya 50 inataka urudi nyuma mita 2 na nusu au zaidi ndipo aingie kuanzia nywele hadi unyayo, na nafasi kidogo juu na chini. Mgongo wako umeshagonga ukuta. Ya 35 inataka chini kidogo ya mita 2. Ya 24 inataka mita 1 na robo hivi. Na wakiwa ndugu wawili wamekaa kwenye mkeka, ukataka kuwapiga kamera ikiwa imelala, 50 itakutoa mpaka koridoni upige picha kupitia mlangoni.

Ndiyo maana kwa nyumba ndogo sisi tunapendekeza 35 au 24, hata pale mteja alipokuja ameshaamua. Ya 50 ni ya sebule pana, ya ukumbi wa sherehe, au ya mtu anayetaka uso na mabega basi. (Mwenye kamera ya kihisi kikubwa, zile za fulu fremu, hesabu yake ni nyingine: kwake 50 inaona eneo linalokaribiana na lile ambalo 35 inaliona kwenye kamera ndogo, kwa hiyo ndani ya nyumba itamfaa.)

Wala usituamini kwa maneno. Chukua hiyo 18-55 yako, zungusha pete mpaka kwenye 35, ibane na utepe isizunguke, kisha wapige wanao Jumamosi nzima kwa milimita hizo hizo. Jumapili hamishia 50. Picha zitatoka na giza, hilo liache, hapa tunapima nafasi tu. Ukijikuta kila saa unarudi nyuma na kugonga makochi, lenzi hiyo ni ndefu kwa nyumba yako. Ukijikuta unasogea mpaka mtoto anaishika kamera, ni fupi. Jaribio hili halina gharama, na limewaokoa wateja wetu kadhaa wasinunue kitu cha kukaa kabatini. Usishawishike tu kwenda mpaka 18 ukiwa karibu na uso: pua inakua kubwa, masikio yanarudi nyuma, bibi yake atauliza huyu ni mtoto wa nani.

Wenye Nikon ndogo wana bahati, maana kuna lenzi iliyotengenezwa mahsusi kwa kamera zao, AF-S DX 35mm f/1.8G, iliyotoka mwaka 2009. Ni ndogo, ina nguvu, na inafokasi hata ukiwa sentimita 30 tu kutoka kwenye kihisi. Ila Nikon kuna mtego unaowanasa wengi wanaonunua mtumba. Kamera za D3200, D3500, D5300, D5600 na jamii zao hazina mota ya kufokasi ndani ya mwili wake. Mota lazima iwe kwenye lenzi. Zile 50mm f/1.8D za zamani, zilizoandikwa AF peke yake bila S, zinafunga vizuri kwenye kamera, picha zinapiga, lakini fokasi utazungusha kwa mkono. Ukimfuata mtoto wa miaka miwili kwa fokasi ya mkono utachoka wewe kabla yake. Mama mmoja alituletea ya namna hiyo aliyouziwa mtaani: “Mwanangu, nimeambiwa ni nzima, mbona haishiki?” Nzima ni kweli, mama. Kamera yako ndiyo haina cha kuizungushia.

Upande wa Canon za kihisi kidogo, nyembamba ile ya EF-S 24mm f/2.8 STM ndiyo tunayoiuza zaidi kwa wazazi. Ni bapa, inakaa kwenye mkoba wa kawaida, na inafokasi ukiwa sentimita 16 kutoka kwenye kihisi, kwa hiyo vidole vya mtoto mchanga unavipata. Udhaifu wake ni hiyo f/2.8: mwanga inaoingiza haufiki hata nusu ya ule wa f/1.8. Ukishindwa kuvumilia hilo, na chumba kikawa na nafasi, chukua EF 50mm f/1.8 STM ya mwaka 2015. Ile iliyoitangulia, yenye namba II, bado iko nyingi kwenye mtumba na picha zake si mbaya, lakini mota yake inasikika. Ukimpiga mtoto aliyelala utamwamsha. Wa Sony za APS-C, tafuteni E 35mm f/1.8 OSS, huku kwetu haipatikani kila siku, tunaagiza.

Tundu kubwa nalo lina gharama yake, na huonekana zaidi kwenye picha za arobaini. Mtoto kalazwa juu ya kanga, mpiga picha kasimama na 50 kama mita 1 na nusu, kafungua f/1.8 yote. Eneo linalotoka kali hapo lina unene wa sentimita 6 tu. Pua imetoka kali, sikio limefifia, na mkono wa mama uliomshika, wenye hina iliyochorwa kwa saa nzima, umekuwa doa la kahawia. Mama aliitaka ile hina. Ukifunga mpaka f/2.8 unapata sentimita 9 au 10, na kwa 35 ukiwa umbali huo huo, hata ukibaki na f/1.8, unapata kama 12. Kwa mtoto mmoja fokasi iweke kwenye jicho lililo karibu nawe. Kwa watoto wawili, wakalishe mabega yao yawe mstari mmoja na ufunge mpaka f/2.8, hata kama ISO itapanda.

Na lenzi haitengenezi mwanga. Nyumba za kale za Mikindani, zile za kuta nene za mawe na madirisha membamba, mchana wa saa nane ndani ni kama magharibi imeingia, na mwanga unaoingia unaishia hatua chache kutoka dirishani. Hapo hata f/1.8 itahangaika ukimweka mtoto upande wa pili wa chumba. Mlete dirishani, umbali wa mkono, pazia jepesi likiwa limeshushwa kama jua linapiga moja kwa moja, na upande wa pili wa uso wake mtandikie shuka jeupe kwenye kiti ili lirudishe mwanga. Shuka jeupe lina kazi nyingine pia: ukuta uliopakwa kijani unamwagia mtoto ukijani usoni, na lenzi ya bei yoyote itaupiga kama ilivyouona.

Usiku kuna jambo la taa. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na baadhi ya taa za bei rahisi humeta mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Ukipandisha spidi ya shata hadi 1/250 au zaidi utaona michirizi ya giza au umanjano inakatiza kwenye picha, tena haifanani picha moja na nyingine. Tumeshaletewa lenzi nzima zirudishwe kwa sababu hiyo. Rudi kwenye 1/100 uone kama inapotea. Kama imepotea, nenda kabadilishe taa, lenzi haina kosa. Fleshi inasaidia pale penye dari jeupe la jipsamu, unaielekeza juu mwanga unashuka taratibu. Kwenye bati tupu na kenchi haina pa kugonga vizuri, usijisumbue.

Kwa wanaonunua mtumba, adui mkubwa huku pwani ni ukungu, yaani fangasi wa kwenye kioo. Unyevu wa bahari unauleta, na mikoba ya ngozi inaufuga. Fungua vifuniko vya pande zote mbili, washa tochi ya simu, imulike lenzi kutoka nyuma huku ukiiinamisha. Vumbi chache si tatizo. Nyuzinyuzi zinazosambaa kutoka pembeni ni tatizo, na muuzaji akikwambia zinafutika kwa kitambaa, mwombe azifute mbele yako: ziko ndani. Lenzi yako mwenyewe ihifadhi kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Ukija kwetu kujaribu, njoo na kamera yenyewe ikiwa na chaji, na kadi yenye picha mbaya ulizopiga nyumbani. Hizo mbaya ndizo tunazozitaka, maana ndani yake kamera imeandika spidi, ISO na milimita ulizotumia, na dakika tano zinatosha kujua umekosa nini. Aliye mbali, Lindi, Masasi au Newala, anaweza kututumia kwa WhatsApp, ila azitume kama dokumenti. Zikitumwa kama picha za kawaida maandishi hayo yanafutika, na sisi tunabaki tunakisia. Na usisahau vipimo vya chumba, hata vya hatua za miguu.