Wifi, lile bati la biskuti tusiligawe

Wifi yangu,

Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu mbili. Kwanza, kwenye kundi letu la WhatsApp kaka zako wanajibu kabla hawajamaliza kusoma, na Kiswahili hakuna anayekijua isipokuwa mimi na wewe uliyefundisha Moshi miaka kumi na miwili. Acha tutete kwa raha zetu. Pili, wasomaji wa ukurasa huu wengi wana sanduku la namna hiyo chini ya kitanda cha mtu, Tanga au Lamu au Maskati, na pengine wataokota la kuwafaa.

Mpango wako wa kugawana vilivyomo kwenye bati la bibi yenu nimeuelewa. Medali ya bibi yenu aichukue kaka mkubwa, ile beji yenye bunduki na herufi za Cumann na mBan, jumuiya ya wanawake waliopigania uhuru wa Ireland, uvae wewe, picha zigawanywe, kitabu cha saini kiuzwe kwa yule dalali wa mnada aliyepiga simu mara tatu, na makaratasi "tutaona". Kila mtu na fungu lake. Mimi ni mke wa mtu tu katika nyumba hiyo, fungu sina. Lakini mgeni njoo mwenyeji apone.

Wiki iliyopita nilikaa jikoni kwa marehemu mama mkwe hapa Cork, Ireland, nikalifungua bati mezani, nikatoa kitu kimoja kimoja na kukipiga picha kabla ya kukiweka kando. Ni bati la Jacob's. Hebu fikiria, kiwanda cha biskuti hizo hizo huko Dublin ndicho kilichotekwa na wanamgambo walipoasi dhidi ya Waingereza wiki ya Pasaka 1916, na sisi humo ndimo tunamotunza mapinduzi yenu. Kulikuwa na harufu ya ukungu na ya sarafu za zamani.

Chini kabisa nilikuta daftari dogo, jalada limechomoka, limeandikwa kwa penseli. Hili ndilo mlilotaka kutupa. Ni hesabu za duka: unga, chai, sukari, mishumaa, tumbaku. Nililiacha pembeni, nikaenda kuchemsha chai, na chai ilipokuwa inachemka ndipo nikajiuliza, tumbaku ya nani? Baba yake bibi alikuwa ameshafariki. Nyumbani walikuwa wamebaki mjane na binti zake wawili. Nikarudi kuhesabu. Tangu Januari 1921 unga unapanda mara tatu ya kawaida, mishumaa inanunuliwa kama ya kanisani, na tumbaku haikosekani wiki hata moja. Inaendelea hivyo hadi Julai. Halafu inakoma, maana tarehe 11 Julai 1921 mapigano na Waingereza yalisitishwa, na wale vijana waliokuwa wakilala ghalani kwenu kwa zamu wakarudi kwao.

Wifi, sheria ya kijeshi ilikuwa imetangazwa hapa Cork Desemba 1920, na kuwaficha waasi lilikuwa kosa la kunyongewa. Januari iliyofuata jeshi la Uingereza likaanza kuchoma nyumba kwa amri rasmi, kuanzia mji wa Midleton. Na mjane wa watu akaendelea kuandika tumbaku kwenye daftari, kwa mwandiko wake mzuri, kama anayemdai mtu! Sijui nimwite jasiri au mzembe.

Usiku huo nikaingia kwenye tovuti ya Kumbukumbu za Kijeshi, hifadhi ya nyaraka za jeshi la Ireland, nikaandika jina la bibi. Faili lake la pensheni ya waliopigania uhuru lipo, limepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, na mtu yeyote anaweza kulisoma bure. Hata mume wangu hakujua kama bibi yake aliwahi kuomba pensheni. Faili za aina hiyo ziko karibu 300,000, na zimekuwa zikiwekwa mtandaoni kwa mafungu tangu 2014. Katika fomu anaeleza alivyobeba ujumbe kwa baiskeli, akalisha watu na kufua nguo zenye damu. Halafu maofisa wanamuuliza ushahidi, naye anataja majina ya makamanda wa kumthibitishia. Hakuwaambia kuwa ushahidi anao nyumbani, ndani ya daftari la duka. Pengine hakudhani kwamba mabwana wale wangeuona unga kuwa vita.

Tena hilo la kuwaonea wanawake si la kudhania. Margaret Skinnider, mwanamke aliyepigana Dublin mwaka 1916, alipigwa risasi tatu, akaomba pensheni 1925, akakataliwa kwa hoja kwamba sheria ya 1923 ilimaanisha askari wa kiume. Alisubiri hadi 1938. Sheria ya 1934 ndiyo iliyowafungulia mlango wanawake wa Cumann na mBan, nao wakawekwa kwenye madaraja mawili ya chini kabisa.

Sasa turudi kwenye medali. Ni ile yenye utepe wa rangi nyeusi na hudhurungi, iliyoanza kutolewa miaka ya 1940. Ya bibi haina kile kibao cha "Comrac" cha waliohesabiwa kuwa wapiganaji, na kama nyingi za namna hiyo, haina jina. Kaka akiitundika ukutani kwake Galway bila karatasi, watoto wake wataijua kuwa ya bibi. Wajukuu wake wataijua kuwa ya mtu fulani. Baada ya hapo ni kipande cha shaba. Daftari nalo bila faili la pensheni ni bei za unga, na faili bila daftari ni madai ya mwanamke aliyeambiwa alete mashahidi.

Kitabu cha saini ndicho kinachonikosesha usingizi. Kimetoka gerezani, 1923, wakati serikali mpya ya Waayalandi wenyewe ilipofunga mamia ya wanawake waliopinga mkataba wake na Uingereza, gereza la Kilmainham na kwingineko. Walipitisha vitabu hivyo seli kwa seli, kila mmoja akaandika jina, kaunti, shairi, au akachora ua. Dalali anajua thamani yake, ndiyo maana hachoki kupiga simu. Lakini kila ukurasa mle ni bibi wa mtu mwingine, na huenda ndiyo alama pekee iliyobaki ya baadhi yao. Kikiuzwa na kuchanwa ukurasa ukurasa, hao tumewauza pia.

Nafika penye moto. Najua kaka yako wa pili anataka zile barua za Boston zichomwe. Mwaka 1922 Mkataba na Uingereza, ulioipa Ireland kujitawala lakini chini ya mfalme, ulipita bungeni kwa kura 64 dhidi ya 57, na mwezi mmoja baadaye Cumann na mBan wakaukataa kwa 419 dhidi ya 63. Bibi alikuwa kwenye hao 419 moyoni, sijui kama alikuwemo ukumbini. Kaka yake akajiunga na jeshi la Dola Huru, ile serikali mpya iliyoukubali Mkataba. Dada akafungwa na serikali ya kaka. Jeshi lilipopunguzwa mwaka 1924 kaka akapanda meli kwenda Marekani, na huko akaanza kuandika. Barua kumi na moja ziko humo ndani. Nane zimefunguliwa. Tatu bado zimebandikwa gundi ile ile ya Boston, na bibi alikufa bila kuzifungua wala kuzitupa.

Mnaziita aibu. Mimi nikizishika mikono inanitetemeka. Kwenu watu walizungumza kuhusu 1916 hadi wakakausha koo, na kuhusu 1922 wakala yamini ya kunyamaza. Nimeolewa miaka ishirini na sita, sijawahi kusikia jina la huyo babu mdogo likitajwa mezani.

Unajua kwa nini naingilia. Kwetu Pangani kulikuwa na kasha la babu mzaa baba, limejaa karatasi za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu: hati za mashamba, barua za Unguja, na mambo ya baharini. Sisi vijana tulisoma shule za herufi za Kirumi, tukaliona kasha kama la vitabu vya dini tu. Mchwa wakaliona kwa jicho lingine. Nilipolifungua mwaka niliporudi kuzika, nilichota udongo kwa kiganja. Na hapa Ireland hamhitaji hata kufundishwa hasara hiyo. Tarehe 30 Juni 1922, jengo la kumbukumbu la Four Courts lililipuka na kuteketea, karne saba za nyaraka zikapanda angani, na vipande vilivyoungua vikaangukia paa za Dublin. Leo wataalamu wanalijenga upya kwenye kompyuta, kwa nakala zilizookolewa kutoka kila pembe.

Basi nakuomba hivi. Bati zima liende kwa pamoja kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Jiji na Kaunti ya Cork, au Kumbukumbu za Kijeshi kule Rathmines, Dublin, watakapopenda wenyewe kulipokea. Kila nyumba ipate nakala nzuri za kidijitali. Kabla ya hapo lisirudi darini kwenye unyevu. Picha ziandikwe majina nyuma kwa penseli laini, kalamu ya wino marufuku. Selotepu marufuku mara mbili. Na nikiri kabla hujasikia kwa mwingine: ile barua ya mwaka 1936 kutoka ofisi ya pensheni, miaka kumi iliyopita niliipeleka mwenyewe dukani ikapigwa laminesheni, nikaona nimeiheshimu. Plastiki ile haitoki tena bila kuidhuru karatasi. Nacheka, lakini si kicheko.

Na shangazi yenu ana miaka tisini na moja. Ndiye pekee anayeweza kutuambia ni nani yule aliyekatwa na mkasi kwenye picha ya harusi. Tumkalie na simu imewashwa kurekodi, tumwache aseme, kaka zako wasiwepo.

Nakuja Jumapili baada ya misa yako, na mikate ya mofa nitakuletea. Karatasi za pensheni zimebanwa na klipu yenye kutu. Usiichomoe, nitakuja na kijiti cha plastiki tuitoe polepole. Na zile bahasha tatu, nakusihi wifi, usiziweke juu ya mvuke wa birika.

Wifi yako,
wa Pangani