Kabla ya kumzika aliyefariki ghafla, ombeni damu ihifadhiwe

Mhariri,

Kijana akianguka na kufariki ghafla, na uchunguzi wa maiti usione kasoro, huenda chanzo ni hitilafu ya kurithi katika umeme wa moyo. Tunawasihi wafiwa: kabla ya mazishi, ombeni mililita 5 hadi 10 za damu zihifadhiwe kwa ajili ya kupima jeni, katika chupa ya EDTA (dawa inayozuia damu kuganda), yenye kifuniko cha zambarau. Nyama ya mwili iliyokaa kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhia maiti, haitegemeki kwa kipimo hicho, kwani dawa hiyo hukatakata DNA.

Mengi ya maradhi haya humpa kila mtoto wa mgonjwa uwezekano wa asilimia 50 wa kuyarithi. Wazazi, ndugu na watoto wapimwe ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na ekokadiogramu (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) hata jeni yenye hitilafu isipopatikana. Badiliko la jeni ambalo maana yake haijathibitika lisitumike kumwambia ndugu yeyote kwamba yu salama. Hapo ndipo familia hupotoshwa.