Risala ya Wauguzi na Wakunga wa Vituo vya Visiwani, Pemba, kwa Mgeni Rasmi wa Siku ya Wauguzi Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi wa Serikali, masheha, wazee wetu, wauguzi na wakunga wenzetu, mabibi na mabwana,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujaalia uzima na kutukutanisha leo, tarehe 12 Mei. Nawe, Mheshimiwa, tunakushukuru kwa kuitikia mwito wetu. Wageni wengi wa Pemba huishia Chake Chake. Wewe umepanda mashua ukaja mpaka huku, na viatu vyako vimeshaonja tope letu. Nahodha ameshatuonya kwamba baada ya Alasiri maji yanakupwa, kwa hivyo tutajitahidi tusirefushe.

Mheshimiwa, risala ya leo haitataja paa linalovuja wala boti ya wagonjwa. Hayo tumeshayasema katika risala zilizopita, na mengine yamefanyiwa kazi, tunashukuru. Leo tunaomba tuzungumzie afya ya nesi mwenyewe, yule aliyeko Kojani, Fundo, Makoongwe, Kisiwa Panza na kwengineko ambako kufika hospitali ni mpaka upate chombo.

Mwenzetu mmoja alikuwa akimshona mzazi saa nane za usiku. Taa ya sola imeshafifia, bibi wa mzazi ndiye aliyeshika tochi ya simu. Mzazi akashtuka kwa maumivu, sindano ikapenya glovu ikaingia kidoleni mwa nesi. Akavua glovu, akanawa kwa maji na sabuni, akavaa nyengine, akaendelea kushona. Mwengine wa kumpokea hakuwepo.

Mtu akijichoma hivyo, dawa za kinga dhidi ya Ukimwi, hizi tunazoziita PEP, zinatakiwa zianze mapema kadiri inavyowezekana, na mwisho kabisa ni saa 72. Kisha zinamezwa kwa siku 28. Kwa aliye mjini, saa 72 ni nyingi. Huku kwetu msimu wa kusi zinaishia baharini. Dawa zilikuwa ng'ambo. Kulipokucha maji yalikuwa yamekupwa. Yalipojaa, upepo ukawa mkali na hakuna nahodha aliyethubutu. Na hata kama angethubutu, nesi akiondoka kituo kinafungwa, na mzazi wa jana usiku bado anatakiwa kuangaliwa. Alivuka siku ya pili yake. Pale dikoni kila mtu anamuuliza, "Nesi, wendapi?" Akajibu anakwenda kuchukua chanjo za watoto.

Uongo ule hatumlaumu. Kisiwani mtu akionekana amekaa kwenye benchi la kupimia, kabla ya Magharibi habari imeshafika kila nyumba. Nesi ndiye anayetunza siri za wote, na ya kwake hana pa kuiweka. Akitaka kupima Ukimwi, kifua kikuu au presha, inambidi ajipime mwenyewe au apimwe na msaidizi wake wa kazi. Wahenga walisema mganga hajigangi, na sisi ndio tunaoishi hivyo. Wapo miongoni mwetu waliokwenda semina mjini, wakapimwa presha kwa mchezo tu wakati wa chai, wakaambiwa wasirudi nyumbani kabla hawajaonana na daktari.

Ukimwi ndio unaotutisha zaidi, lakini kwa haki tungepaswa kuiogopa zaidi homa ya ini aina ya B. Kwa mtu aliyejichoma kwa sindano yenye damu ya mgonjwa wa Ukimwi, uwezekano wa kuambukizwa ni takriban 3 katika 1,000. Kwa homa ya ini B, kwa ambaye hajachanjwa, ni baina ya 6 na 30 katika 100. Na chanjo ipo! Kila siku ya kliniki tunawachoma watoto chanjo ya penta wakiwa na wiki 6, 10 na 14, na ndani yake imo kinga ya homa hiyo hiyo. Wengi wetu tulizaliwa kabla haijaingia kwenye ratiba ya watoto. Mtu mzima anahitaji dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Dozi ya kwanza huja na zoezi na wapiga picha. Ya tatu wengi wetu hatujaiona.

Mgongo tutausema kwa ufupi, kwa sababu kila aliyewahi kumsaidia mzazi kuvuka tope la mikoko mpaka chomboni anaujua.

Lililo gumu zaidi kulisema ni la msiba. Mzazi akitufia mikononi, huzikwa siku ile ile, na nesi yumo kwenye maziko, kwa kuwa marehemu ni jirani yake, pengine ni shoga yake. Wapo wanaomwangalia vibaya. Asubuhi anafungua kituo, na wa kwanza kwenye foleni ni wifi wa marehemu amemleta yule mtoto mchanga. Usiku anagongewa hodi tena. Hana zamu ya kutoka, hana wa kumwambia, na likizo yake imekaa kwenye karatasi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Zanzibar, Namba 8 ya mwaka 2005, imeshamtwika mwajiri jukumu la kulinda afya ya mfanyakazi, kwa hivyo hatuombi hisani. Tunaomba dozi za kuanzia za PEP ziwekwe katika kila kituo cha kisiwani, zikaguliwe tarehe zake kama zinavyokaguliwa chanjo. Tunaomba dozi tatu za homa ya ini B zikamilishwe, kila mmoja na kadi yake. Tunaomba kupimwa afya kila mwaka, katika wilaya nyengine, na faili zibaki huko huko.

Lakini tukiambiwa tuchague moja tu, tutachagua muuguzi wa pili katika kila kituo. Dawa ikiwepo kabatini na mtu akawa peke yake, bado siku zote 28 atazimeza huku anatapika na kuzalisha. Wakiwa wawili, mmoja atamfunga mwenzake kidonda, mmoja atalala, mmoja atavuka bila ya kufunga mlango. Kama ajira mpya bado, basi tuanze na wa kupokezana kutoka hospitali za wilaya, hata kwa wiki moja kila mwezi. Majina ya vituo vyenye nesi mmoja tumeyaambatanisha na nakala yako.

Tunaomba kuwasilisha. Ahsante sana.