Njooni Tulale Mlimani: Barua kwa Mama Rukia

Ngamiani, Tanga

Shoga yangu Mama Rukia,

Salaam aleikum. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Masika yanaaga, upepo wa kusi umeanza, na alfajiri tunajifunika shuka mbili. Mama anakusalimu sana, anauliza goti la baba limepata nafuu?

Ujumbe wako wa likizo ya Juni nimeupata. Unasema watoto mtawapandisha Lushoto, kwenye milima ya Usambara, asubuhi, mpige picha Irente, kisha jioni mteremke mkalale Korogwe. Nakuomba, Mama Rukia, msifanye hivyo. Mtapanda mlima wote ule halafu mshuke saa ileile ambayo wenyewe unaanza kupendeza? Mahema ninayo, na moja ni kubwa, litawatosha wewe na wanao wote. Njooni tulale huko huko.

Kutoka Dar mtapita Chalinze, Segera na Korogwe, mteremke Mombo. Mimi nitawasubiri hapo. Mfike mapema, kwa sababu barabara ya kupanda nataka watoto waione mwanga ukingalipo. Ni kilomita kama 33 za lami hadi Lushoto mjini, lakini tupange saa nzima, na zaidi tukisimama. Mombo mtaacha joto na mashamba ya mkonge, na mara kona zinaanza: upande mmoja mwamba, upande wa pili bonde, na mto unaunguruma huko chini. Rukia akae mbele, maana namjua kwa kutapika garini. Mpe kipande cha tangawizi atafune, na dereva tutamwomba asikimbize.

Soni lazima tusimame. Maporomoko yako karibu kabisa na barabara, hata yule mdogo atayaona bila kubebwa. Hapo ndipo nataka uwaambie jambo ambalo wewe, mzaliwa wa Pangani, una haki ya kulisema kuliko mimi. Maji yale yanashuka Mombo, yanaingia mto Mkomazi, na Mkomazi unaingia mto Pangani upande wa Korogwe. Yakitoka hapo yanazungusha mitambo ya umeme ya Hale, megawati 21, na ya Pangani, megawati 68, ndipo yanafika kwenu, pale tulipokuwa tukivuka kwenda Bweni kwa shangazi yako. Wanao wameogelea kwenye mdomo wa mto ule kila likizo. Hawajaona unakotoka hata tawi lake moja. Mimi jambo hili linanigusa sana, kwa sababu watoto wetu wa pwani wanakua wakidhani maji yanaanzia bombani.

Na mto haujitokei tu. Upepo wa bahari unakuja na unyevu wake, unagonga milima, unapanda, unapoa, unakuwa ukungu na mvua. Msitu ndio unaoyashika maji hayo na kuyaachia polepole. Ndiyo maana tukiwa kambini kuni tutanunua, hatukati hata kijiti, na sabuni hatuipeleki mtoni. Vyombo tutaoshea kwenye beseni, na maji machafu tuyamwage mbali.

Pa kulala nimefikiria pawili. Usiku wa kwanza tupige hema Irente, kama kilomita 6 kutoka mjini. Kuna shamba linalopokea watu wenye mahema, na wanauza jibini na mkate wao wenyewe. Jioni tutatembea hadi ukingoni. Ardhi inakatika ghafla, na chini yako, karibu mita 1,000, kuna Mazinde na nyika yote mpaka macho yachoke. Alfajiri turudi tena, maana mara nyingi mawingu huwa chini ya miguu yenu. Hilo la alfajiri anayelala Korogwe halipati. Usiku unaofuata twende msitu wa Magamba. Ni hifadhi, kwa hiyo tutapita kwanza ofisini kwa TFS, wakala wa misitu wa serikali, tulipe na tuonyeshwe pa kuweka kambi. Mule kuna mbega, wale weusi wenye manyoya meupe mabegani, wanaruka juu ya miti mirefu ya mikulo hadi majani yanamwagika.

Giza likiingia tutatoka na tochi kutafuta vinyonga. Mchana humwoni kinyonga hata akiwa mbele ya pua yako, ila usiku akilala rangi yake hupauka, na ukimmulika anang'aa peke yake kwenye majani. Utamkuta kashika kijiti kwa miguu yote minne, mkia kaukunja duara, jicho kalifumba. Watoto wasimshike. Waangalie tu, mwanga tuuondoe, tumwache alale.

Halafu tukae motoni nikusikie ukiwasimulia habari za Mbegha. Wewe ndiye mwenye sauti ya hadithi. Vuga, walikotawalia Wakilindi, ukoo wa wafalme wa Wasambaa, haiko mbali na Soni, na wasikie wakiwa kwenye milima yenyewe jinsi Mbegha, mwindaji kutoka Unguu, alivyowaua nguruwe waliokuwa wakimaliza mashamba ya watu, akawagawia nyama, mpaka wakamfanya mfalme. Pale anapomuua simba usiku usiparuke!

Sasa mizigo. Baridi ya Juni si ya mchezo. Wajerumani walipanda kuikimbilia, wakauita mji Wilhelmstal, na wao kwao ndiko kwenye theluji. Kila mtoto awe na sweta mbili, kofia ya sufu, na soksi kavu za kulalia ambazo hazivaliwi kwa jambo jingine lolote. Magodoro membamba ninayo. Blanketi jingine watandike chini, kwa sababu baridi inayoumiza inatoka ardhini. Hema hatutalifunga kabisa hata watoto walalamike, maana pumzi zetu zikikosa pa kutokea asubuhi tutaamka kuta za hema zinatiririka maji. Hatutapiga bondeni, maji na baridi vyote hukimbilia huko, wala chini ya mti wenye matawi makavu. Na kabla ya kutandaza turubai nitakagua ardhi kama kuna njia ya siafu. Hilo niachie mimi.

Maharage nitayachemsha nyumbani. Kule juu maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwa hiyo maharage hayaivi upesi, utamaliza mkaa ukiyasubiri. Nitakuja na jiko, sufuria mbili, unga, na samaki wakavu wa soko la Deep Sea. Karoti, viazi na kabichi tutanunua Soni. Wewe leta chai, tangawizi, sukari na dawa zako za homa.

Nitumie namba za viatu vya watoto wiki hii. Mitumba mizuri inafunguliwa Jumamosi, nami nataka niwapatie mabuti ya mvua, manyasi ya kule huwa na umande mpaka saa nne. Na unijulishe kama Baba Rukia anakuja, ili nitafute hema la tatu.

Wasalimie wote nyumbani.

Mwenzio akupendaye,
Mama Salma